Vyandarua Vinane

Safari yetu ya Dar es Salaam ya Mei 2019 ilianza na ubishi wa kiroba. Kondakta pale stendi ya Njombe alitaka kilipiwe kama mzigo, mama mkwe wangu akakataa katakata. Ndani yake mlikuwa na vyandarua vinane, nasi tulikuwa watu saba: yeye, mume wangu, mimi, watoto wetu wawili na shangazi wawili wa mume wangu. Hicho cha nane, alimwambia kondakta, ni cha mtu tutakayemkuta hana. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, baridi inakata, ukungu umelala juu ya mabati. Kijana yule alimtazama mama wa watu aliyejifunga blanketi mabegani, mikono yake miwili juu ya kiroba, akakiinua mwenyewe na kukitia kwenye buti bila kusema neno jingine.

Nieleze kwanza kwa nini mama huyu alikuwa hivyo, maana bila kulijua hilo yatakayofuata yataonekana ukaidi wa uzee.

Njombe iko juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Juni na Julai zipo asubuhi tunazoamka tukakuta sakitu imeunguza majani ya viazi. Mbu hapati raha kwetu, na mkoa wetu ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini. Ndiyo maana mtu wa Njombe akishuka pwani au bondeni anashuka na mwili mgeni, mwili ambao haujazoea kupambana na vimelea vya malaria, na ugonjwa ukimpata humwangusha kama mtoto mchanga. Mama alilijua hilo kwa kuzika. Miaka ya sabini alimfuata mumewe kwenye mashamba ya miwa ya bonde la Kilombero. Huko alijifungua binti, na binti akafikisha miaka miwili, ameanza kuimba maneno asiyoyajua. Homa ilimshika jioni, degedege ikaja usiku, kulipokucha hakuwepo. Mama alirudi Njombe na mimba ya miezi mitano, mimba ambayo ndiyo wifi yangu, na tangu hapo hakuwahi kulala ugenini bila chandarua. Mtu akimcheka, alikuwa akijibu kwa utulivu kwamba anamdai mbu wa usiku ule.

Basi tulikuwa tumejiandaa. Makambako, Mafinga, Iringa, tukateremka Kitonga watoto wamefumba macho, tukapita Mikumi wakahesabu twiga, na jioni ya Ijumaa tarehe 3 tukawa Ubungo na kiroba chetu. Joto lilitupokea kama mvuke wa sufuria iliyofunuliwa kifuniko. Masika yalikuwa hayajaisha, barabara zina madimbwi, na wifi yangu alikuja kutupokea akiwa na furaha ya mama anayeozesha. Binti yake wa kwanza, mjukuu wa kwanza wa Mama, angefunga ndoa Jumamosi ya tarehe 11. Tulikuwa na siku nane za kupika, kushona na kupokea wageni.

Nyumba ya wifi iko Tabata. Kwa ajili ya harusi alikuwa ameipaka rangi na kuweka dari mpya ya jipsamu, nyeupe, yenye mapambo pembeni, na hata hajamaliza kumlipa fundi. Usiku ule ule wa kwanza Mama alifungua kiroba. Mume wangu aliomba nyundo na misumari, akapanda kitandani. Msumari wa kwanza ulikaa, na wa pili ulikaa. Msumari wa tatu ulipopigwa, kipande cha dari chenye ukubwa wa sinia kilimomonyoka na kuanguka juu ya shuka, na vumbi lake likafunika chumba kizima.

Wifi hakupiga kelele. Alisimama mlangoni, akakitazama kile kipande, akarudi jikoni. Mume wangu alishuka kitandani uso umemwiva. Mama alikung'uta shuka, akasema dari huzibwa lakini mtu hazibwi, akaendelea kufungua fundo la chandarua cha nne. Hakika alikuwa na haki, na wifi naye alikuwa na haki, na haki mbili zikikutana kwenye nyumba moja wiki ya harusi, wenye kuumia ni walio katikati. Kwa siku kumi na mbili zilizofuata mama na binti yake waliongea kupitia kwangu. "Mwambie wifi yako chumvi imezidi." "Mwambie Mama maji ya kuoga yako tayari." Vyandarua vyote vikafungwa, vingine kwenye vitasa vya madirisha, vingine kwenye kamba zilizopita kutoka kabati hadi mlango, na kila jioni saa kumi na mbili Mama alizunguka vyumbani akivishusha na kuchomeka pindo chini ya magodoro. Watu wa nyumba ile walilala ndani ya vyandarua kuliko walivyowahi kulala.

Mchana ndio hatukuulinda.

Kazi za harusi zilifanyika uani, chini ya mwembe. Tulikuwa tumekuja na gunia la viazi mviringo kutoka nyumbani, na kuanzia saa tisa alasiri hadi kiza kilipoingia wanawake tulikaa kwenye vigoda tukimenya viazi na vitunguu saumu, miguu iko wazi, khanga zimepandishwa magotini kwa sababu ya joto. Nilikuwa nikihisi miiba midogo kwenye vifundo vya miguu. Nikipiga, nakuta mbu mdogo mweusi, miguu ina pete nyeupe kama mtu aliyevaa soksi za mistari. Hakuwa na ule mlio wa sikioni unaomwamsha mtu usiku. Alikuja kimya, kwa chini, nyuma ya mguu. Ukimfukuza anahamia kwa jirani yako, kisha anakurudia. Nilimuuliza wifi, akasema hao ni mbu wa mwembe. Nikamgeukia Mama. Alitazama jua, bado lilikuwa juu ya paa, akasema kwa uhakika wa mtu aliyelipia elimu yake kwa machozi: mbu mwenye ugonjwa hatembei mchana.

Kwa malaria alikuwa sahihi. Anofelesi, mbu wa malaria, hutafuta damu kuanzia magharibi hadi alfajiri, na chandarua chenye dawa ndicho kinga kubwa dhidi yake. Lakini jiji tulilokuwemo lilikuwa na homa nyingine mwezi ule, nayo ilitangazwa. Redio ya dukani iliitaja, magazeti yaliitaja. Homa ya dengi ilikuwa imeingia Dar es Salaam, kama ilivyokuwa imeingia mwaka 2010, 2013 na 2014, na hadi mlipuko ule ulipotulia watu zaidi ya 6,000 walikuwa wamethibitishwa kuugua nchini, wengi mno wakiwa wa jiji hili. Sisi tulizisikia habari zile kwa masikio yaliyojaa harusi. Tuliposikia neno mbu tulijisemea moyoni: sisi tuna vyandarua.

Na ua ule ulikuwa na maji kila mahali. Simlaumu wifi hata kidogo. Maji ya bomba Tabata yalikuwa yanakuja kwa zamu, na mwenye kuozesha hawezi kungoja zamu. Kulikuwa na mapipa mawili ya bluu yasiyo na vifuniko, madumu, ndoo, na beseni la kuoshea miguu wageni ambalo mimi mwenyewe nililijaza siku ya pili na kulisahau nyuma ya choo. Kulikuwa na matairi matatu ya zamani ya bajaji ya shemeji, mume wa wifi, yameegemea ukuta. Kulikuwa na maua kwenye makopo, kila kopo juu ya kisahani chake. Sebuleni wifi alipenda kuotesha mimea kwenye chupa za maji, na nilimsifu kwa jinsi chupa zile zilivyopendeza dirishani.

Harusi ilifana. Sitaieleza.

Jumapili ya tarehe 12, watu bado wanakunja viti, mume wangu alisema kichwa kinamuuma nyuma ya macho. Akigeuza mboni tu, maumivu. Kufika saa nane mchana alikuwa anawaka, na alisema mifupa yake inahisi kama imepigwa mchi. Nilimwona Mama akibadilika sura. Hakuuliza kitu. Alichukua tochi, akaingia chumbani kwetu, akakikagua chandarua chetu shimo kwa shimo, pindo kwa pindo, akapiga magoti sakafuni na kukagua upande wa ukutani. Saa tisa usiku niliamka nikamkuta bado anakipapasa. Hakikuwa na tundu. Alikaa ukingoni mwa kitanda cha mwanawe, mkono juu ya kile kitambaa, na nikajua yuko wapi: alikuwa Kilombero.

Hapo ndipo tulipofanya makosa mawili, na nayaandika kwa sababu nayaona yakifanywa kila siku. La kwanza, tulimpa dawa mseto ya malaria iliyokuwa imebaki kwenye kabati la wifi, bila kipimo. La pili ni kubwa zaidi. Nilikwenda duka la dawa la jirani nikaeleza maumivu ya mifupa, nikauziwa diklofenaki, na sikuulizwa mgonjwa ana homa gani wala ametoka wapi. Zilimpa nafuu. Nikafurahi, nikamwongeza. Kumbe katika dengi, aspirini, ibuprofeni na diklofenaki ni dawa za kuepukwa, kwa sababu ugonjwa huu tayari unapunguza chembe za kugandisha damu, na dawa hizo zinamsogeza mgonjwa karibu na kutokwa damu. Cha kumpa ni parasetamoli kwa kipimo chake, na maji, maji, maji.

Jumatatu tulimpeleka zahanati. Kipimo cha haraka cha malaria kikasema hana. Tukaambiwa tumalizie mseto hata hivyo, turudi nyumbani. Jumanne ndiyo ilikuwa siku ya tiketi zetu za kurudi Njombe. Mume wangu alitaka tuondoke. Biashara yake ya mbao ilikuwa inamngoja. Mama alisema homa haipandi basi. Tiketi saba zikapotea, na shemeji, mtu mpole, alitoa fedha mfukoni akasema tutakata nyingine.

Alhamisi asubuhi, siku ya tano, homa ilishuka. Ilishuka ghafla, ngozi ikapoa, akaomba uji. Nyumba nzima ilipumua. Wifi alichinja kuku, na kwa mara ya kwanza tangu dari imomonyoke alimwambia mama yake moja kwa moja: "Mama, njoo uonje mchuzi." Shemeji akaenda kuulizia mabasi ya Jumamosi.

Jioni ile tumbo likaanza kumuuma. Akatapika mchuzi, akatapika maji, akatapika tena. Mikono ilikuwa baridi na yenye unyevu. Alipokwenda kusukutua mdomo, mate yalitoka na damu ya fizi. Nilidhani ni kuku. Mama ndiye aliyesema hapana. Alisema mtoto wake wa kwanza naye alipoa kabla ya kuondoka, na kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake akamwamuru shemeji awashe bajaji.

Namshukuru Mungu kwa amri ile. Daktari kijana aliyetupokea hospitalini alishika mkono wa mume wangu, akapima presha ambayo ilikuwa imeshuka, akatuuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ametuuliza: "Ninyi mmetoka wapi, na mmefika lini hapa?" Tukamwambia. Akahesabu kwa vidole. Kuanzia mbu anapomuuma mtu hadi homa kuanza hupita siku nne hadi kumi, na mume wangu alianza kuumwa siku ya tisa tangu tufike. Akaagiza kipimo cha dengi na hesabu ya damu. Dengi ipo. Chembe za kugandisha damu zimeshuka sana. Wakamfunga dripu usiku ule ule.

Daktari yule alinieleza jambo ambalo natamani lingebandikwa kwenye kila mlango wa duka la dawa. Katika dengi, siku ya hatari kubwa mara nyingi ndiyo ile ambayo homa inashuka. Kati ya siku ya tatu na ya saba, wagonjwa wengi hupoa na kupona kweli. Lakini kwa wachache, mishipa ya damu huanza kuvujisha maji yake ndani ya mwili kwa saa 24 hadi 48, na mtu anaishiwa nguvu akiwa hana joto hata kidogo. Maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma, damu ya fizi au ya puani, kulegea au kuhangaika kusiko kwa kawaida, mikono ya baridi: ukiona mojawapo, usingoje kukuche. Dawa ya kuua kirusi hiki haipo. Kinachookoa ni maji ya mshipani yanayopimwa kwa uangalifu na jicho la muuguzi lisilolala. Walio katika uangalizi huo hupona, isipokuwa wachache sana.

Tulilala hospitali usiku tatu. Upele mwekundu ulimtoka, ukamwasha viganja na nyayo, na muuguzi akatabasamu akisema hiyo ni habari njema. Siku ya pili ya kulazwa, kabla ya upele huo, wakati bado sijui kama nitarudi Njombe na mume, nilitoka nje kwenda kulia. Niliporudi nilimkuta Mama ameketi na wifi kwenye benchi moja, wameshikana mikono, hawaongei.

Nyumbani Tabata jirani yetu, mzee wa Kiunguja, alikuja kutupa pole baada ya kufuturu, maana Ramadhani ilikuwa imeanza wiki ile ya harusi. Aliposikia ugonjwa akasema: "Ah, kidingapopo." Bibi yake alikuwa akiutaja. Nimekuja kujua baadaye kwamba jina hilo ni la zamani kweli. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Zanzibar katika karne ya 19, aliandika juu ya homa ya kuvunja mifupa iliyopita visiwani humo mwaka 1823 na tena 1870, ambayo wenyeji waliiita kidinga pepo, na wapo wataalamu wanaoamini kwamba neno la dunia nzima, dengue, limetoka katika maneno hayo ya Kiswahili. Wengine wanasema homa zile, kwa jinsi zilivyoshika viungo, zilikuwa chikungunya, homa inayofanana na dengi na kuletwa na mbu huyo huyo. Na chikungunya nayo jina lake ni la kwetu: ni Kimakonde, maana yake kujikunja kwa maumivu, na lilitokana na mlipuko wa mwaka 1952 kwenye uwanda wa Makonde, upande wa Newala. Nililia kidogo niliposoma hayo. Pwani na kusini walishayapa magonjwa haya majina, na sisi wa nyanda za juu tulishuka na kiroba chetu bila kuuliza.

Sasa nieleze vita ya uani, kwa sababu iliongozwa na Mama na sitaisahau.

Daktari alikuwa ametuambia mbu wa dengi, anayeitwa Aedesi, haruki mbali. Mara nyingi huishi na kufa ndani ya mita mia moja hivi za mahali alipozaliwa. Kwa hiyo aliyemuuma mume wangu pengine alizaliwa pale pale, na hakuzaliwa kwenye mtaro mchafu tuliokuwa tunaulaumu. Anapenda maji yaliyotulia, safi, kwenye chombo cha mtu. Mama alisikiliza maneno hayo mpaka mwisho, akauliza maswali mawili, na Jumatatu asubuhi alifunga khanga kiunoni akaanza na mapipa. Alimulika kwa tochi. Viluwiluwi vilikuwa humo, vingi, vinacheza kama nyuzi zilizokatwa. Akamwaga. Kisha tukaenda kwenye matairi: vimo. Visahani vya maua: vimo. Beseni langu nyuma ya choo: vimo, na vingine vimeshafikia hatua ya mwisho kabla ya kuruka, maana kutoka yai hadi mbu ni siku saba hadi kumi tu. Kile kisahani cha nyuma ya friji kinachokusanya maji, ambacho hakuna aliyekijua: vimo. Mwisho wifi mwenyewe alileta zile chupa zake za sebuleni, moja baada ya nyingine, akaziweka miguuni pa mama yake. Tatu zilikuwa navyo.

Kumwaga peke yake hakutoshi. Mayai hubandikwa ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi yakingoja maji yarudi. Mama alisugua yale mapipa ndani kwa mchanga, sabuni na kifuu cha nazi mpaka mikono ikachubuka, kisha akamtuma shemeji kutafuta vifuniko vinavyobana. Matairi yalitobolewa na kuondolewa. Visahani vilijazwa mchanga. Wifi alihamishia mimea yake kwenye udongo. Walikubaliana siku ya kurudia kazi ile, kila Jumamosi, na hadi leo binti mdogo wa wifi ndiye mwenye tochi.

Na vyandarua? Hapa ndipo ninapompigia Mama magoti. Daktari alisema mgonjwa wa dengi, katika zile siku tano za mwanzo za homa, damu yake imejaa kirusi, na mbu safi akimuuma ndiye anayeupeleka ugonjwa kwa mtoto wa chumba cha pili. Kwa hiyo mgonjwa huyo anatakiwa alale ndani ya chandarua mchana kweupe. Akasema pia tulifanya vema kutopanda basi Jumanne, kwa sababu basi lingesimama Morogoro na Mikumi, na mbu wa namna hiyo wapo njiani. Jumatano binti mdogo wa wifi naye alishikwa na homa. Safari hii hakuna aliyemgusa na diklofenaki. Alipimwa siku ile ile, akapewa parasetamoli, maji ya madafu na juisi. Kitanda chake kilivutwa sebuleni ili aangaliwe, na wifi yangu, kwa mkono wake, alichukua nyundo na msumari, akapanda kwenye kiti, akaupigilia kwenye dari yake mpya ya jipsamu na kuning'iniza chandarua cha nane. Saa nne asubuhi, jua linawaka. Mama alisimama chini akishikilia kiti.

Binti alipona bila kulazwa. Sisi tulirudi Njombe mwisho wa mwezi. Mume wangu alichukua karibu miezi miwili kurudi na nguvu zake, na daktari alimwonya jambo moja: virusi vya dengi viko vya aina nne, kuugua aina moja hakukulindi na nyingine kwa muda mrefu, na maambukizi ya pili ya aina tofauti ndiyo yanayoweza kuwa makali zaidi. Yeye sasa hana ruhusa ya kuzembea.

Tumeshuka pwani mara nyingi tangu hapo. Kiroba bado kipo. Ndani yake, juu ya vyandarua, zipo suruali ndefu na soksi nyepesi za kuvaa saa za asubuhi baada ya jua kutoka na saa za alasiri kabla halijazama, ambazo ndizo saa za Aedesi kuuma sana. Ipo dawa ya kupaka ya kufukuza mbu, yenye kiambato cha DEET, tunayojipaka mchana, kwenye vifundo kwanza. Ipo parasetamoli. Na tukifika kwa mwenyeji, Mama hasemi habari ya mbu. Anaomba aonyeshwe maua, anaomba asaidie kuosha mapipa. Hakuna mwenyeji aliyewahi kumkatalia mgeni mzee anayeomba kazi.

Nawe unayesafiri kesho, uwe unakwenda Dar es Salaam, Mombasa au India, nakuomba hili. Homa ikikushika huko, au ndani ya wiki mbili baada ya kurudi, usingoje kuulizwa. Mwambie daktari umetoka wapi na ulifika lini, mwombe akupime malaria na dengi vyote viwili, na usimeze cha maumivu zaidi ya parasetamoli mpaka majibu yatoke.